Mtambo wa mtandao usinunuliwe kabla ya chumba chake

WAFANYABIASHARA wengi wa Dar es Salaam, Mombasa na Mwanza wanapoamua kuunganisha kompyuta za maduka, maghala na ofisi zao kwa mtandao mmoja, huanza kwa kuomba bei ya mitambo. Muuzaji huleta profoma yenye swichi, ruta, seva, mashine ya kurekodi kamera za ulinzi na kabati la chuma la kufungia vitu hivyo, ambalo mafundi huliita raki. Bei hujadiliwa, punguzo hupatikana, malipo ya awali hutolewa. Swali la mitambo hiyo itakaa wapi huja siku gari la mizigo linapoegesha mlangoni, na jibu huwa lilelile: "Wekeni hapo chini ya ngazi kwa sasa."

Hiyo "kwa sasa" ndiyo inayokula mitaji. Mtandao ukishawaka na mauzo yakaanza kupita humo, hakuna mwenye duka atakayekubali kuuzima kwa siku mbili ili raki ihamishwe. Mwaka wa kwanza hupita, wa pili nao hupita, na mitambo ya mamilioni ya shilingi inaendelea kukaa mahali ambapo ufagio, ndoo ya maji na chupa ya mafuta ya kula vina haki sawa na seva.

Utaratibu unaofaa ni kinyume cha huo. Fedha ya kwanza iende kwenye chumba, yaani umeme, ethi, ubaridi, sakafu, mlango na njia za kebo, na hati ya kuagiza mitambo isitiwe saini mpaka chumba kimepimwa na kukubaliwa. Mwenye bajeti isiyotosha vyote viwili apunguze mitambo. Swichi ya pili inaweza kuongezwa mwakani bila mtu yeyote kusumbuka. Waya wa ethi uliosahauliwa hauongezwi kirahisi baada ya ukuta kupakwa rangi na raki kujazwa vifaa.

Sababu ya chumba kusahaulika si uzembe mtupu. Muuzaji wa mitambo hauzi vyumba, kwa hiyo profoma yake inaishia kwenye plagi. Fundi umeme huulizwa tu kuhusu soketi ngapi zinahitajika, na mwenye jengo huulizwa kuhusu kodi peke yake. Gharama ya chumba haimo kwenye karatasi ya mtu yeyote, na mhasibu hawezi kutenga fedha kwa jambo ambalo hakuletewa ankara yake. Sheria ya kodi nayo inasukuma upande huohuo. Kwa Sheria ya Kodi ya Mapato ya Tanzania ya mwaka 2004, kompyuta na vifaa vya kuchakata kumbukumbu huruhusiwa kupunguzwa thamani kwa asilimia 37.5 kwa mwaka, wakati majengo ni asilimia 5. Mwenye kutazama faida baada ya kodi ya mwaka huu ataona mtambo una unafuu kuliko ukuta. Asichokiona ni kwamba mtambo hubadilishwa kila baada ya miaka mitano hadi saba, na chumba kilichojengwa vizuri hupokea mitambo ya kizazi cha pili na cha tatu bila kudai senti nyingi zaidi.

Jambo linaloleta hasara za haraka ni joto, na hesabu yake haihitaji mhandisi. Ichukuliwe kampuni inayouza vipuri kwa jumla, yenye duka Kariakoo na ghala Vingunguti. Raki yake ina seva moja inayotumia wati 400, swichi mbili za wati 120 kila moja, mashine ya kamera ya wati 100, ruta na vifaa vya faiba vya wati 60, pamoja na UPS ambayo yenyewe hupoteza wati 100 hivi. Jumla ni wati 900. Karibu umeme wote unaoingia kwenye vifaa hivyo hutoka ukiwa joto, kwa hiyo ni sawa na kufungia ndani ya chumba kidogo pasi ya nguo inayowaka usiku na mchana, Jumapili na sikukuu.

Wati 900 ni takriban BTU 3,070 kwa saa. Kiyoyozi kidogo cha madukani, cha BTU 9,000, kinaonekana kutosha karibu mara tatu, na kwa chumba chenye kivuli hesabu hiyo inasimama. Ukuta ukipigwa na jua la alasiri, au juu kukiwa na bati tupu lisilo na dari, sehemu kubwa ya ziada hiyo humezwa na jengo lenyewe. Chama cha wahandisi wa ubaridi cha Marekani, ASHRAE, hupendekeza hewa inayoingia kwenye mitambo iwe kati ya nyuzi 18 na 27 za Selsiasi. Dar es Salaam ya mwezi Februari hupita nyuzi 30 mchana hata kivulini. Aidha, kiyoyozi cha sebuleni kimetengenezwa kwa mtu anayerudi nyumbani jioni, na kikilazimishwa kufanya kazi saa 24 huchoka mapema. Viwili vidogo vinavyopokezana zamu ni ununuzi bora kuliko kimoja kikubwa, kwa sababu siku kimoja kinapokufa biashara haifi nacho.

Katika hesabu hizi ipo mitego ambayo hata makampuni yenye mafundi wa kuajiriwa hunaswa nayo. Umeme unapokatika, UPS hushika mitambo lakini haishiki kiyoyozi. Mitambo inaendelea kutoa joto lilelile ndani ya chumba ambacho sasa hakipozwi. Mfanyabiashara aliyelipia betri za kumpa saa mbili, bila kufikiria ubaridi wa saa hizo, amenunua kwa bei kubwa njia ya kupika mitambo yake polepole. Ni afadhali betri za dakika 20 na jenereta inayowaka yenyewe na kubeba vyote viwili. Hapo pia pana hesabu yake, kwa maana kiyoyozi cha kawaida kinapoanza huvuta mkondo mkubwa mara kadhaa kuliko kinapokuwa kimetulia, na jenereta iliyopimwa kwa wati za kawaida tu huzimika wakati huohuo inapohitajika.

Betri zenyewe haziupendi uvuguvugu. Kanuni inayotumiwa na mafundi kwa betri za risasi na asidi ni kwamba kila nyuzi 10 juu ya 25 hupunguza maisha ya betri kwa takriban nusu. Betri iliyouzwa kwa ahadi ya miaka mitano, ikikaa kwenye nyuzi 35 chini ya ngazi, itataka kubadilishwa baada ya miaka miwili na nusu. Yaani mfanyabiashara atanunua seti mbili badala ya moja, na tofauti hiyo peke yake inaweza kukaribia bei ya kiyoyozi alichokiona ni anasa.

Joto halichagui nchi wala utajiri. Tarehe 19 Julai 2022, siku ambayo Uingereza ilipita nyuzi 40 kwa mara ya kwanza katika kumbukumbu zake, hospitali za Guy's na St Thomas' za London zilipoteza vyumba vyao vyote viwili vya kompyuta, na madaktari wakarudi kwenye kalamu na karatasi. Vyumba viwili vilivyotegemeana havikusaidia, kwani joto lilifika kotekote siku moja.

Kuhusu umeme, wasomaji wa Tanzania na Kenya hawahitaji kushawishiwa. Mgao wa mwaka 2023 ungali kichwani, na tarehe 1 Aprili 2024 gridi ya Tanzania ilianguka nchi nzima. Kenya ilikaa gizani tarehe 25 Agosti 2023, na katika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta jenereta ya sehemu ya majengo ya abiria ilishindwa kuwaka. Jenereta ilikuwapo na ilikuwa imelipiwa. Kwa mwenye duka somo hapo ni dogo na la bei rahisi, nalo ni kuzima swichi kubwa kwa makusudi, siku ya Jumapili asubuhi, mara moja kila mwezi, na kutazama nini kinawaka na nini hakiwaki. Bila jaribio hilo jenereta hubaki kuwa mapambo ya uani yanayokunywa mafuta.

Gharama ya kila mwaka nayo iingizwe mapema. Wati 900 kwa saa 8,760 za mwaka ni uniti 7,884, kabla ya kuhesabu kiyoyozi. Mwenye biashara azizidishe kwa bei ya uniti iliyoandikwa kwenye risiti yake ya LUKU, kisha aone kama faida aliyoahidiwa na muuzaji wa mfumo bado ipo. Wapo watakaogundua kuwa seva ya zamani iliyopatikana kwa bei ya chee inakula umeme wa kununua mpya.

Ethi ndiyo sehemu inayodharauliwa kupita zote, pengine kwa sababu haina taa inayowaka. Kila kipande cha chuma ndani ya chumba, yaani raki, mlango wake, bomba la kebo na ganda la UPS, hapana budi kiunganishwe kwa waya mnene kwenye ethi moja, na ethi hiyo iungane na ile ya jengo. Mafundi wa mawasiliano kwa kawaida hutaka kipimo kisichozidi omu 5, na upimaji ufanyike kiangazi wakati udongo umekauka, maana udongo uliolowa mvua za masika hutoa majibu ya kumfurahisha kila mtu. Kipimo hicho ni kazi ya nusu siku. Mkandarasi anayekataa kukiandika na kutia saini yake amekwishajibu swali.

Kwa wafanyabiashara wa kanda ya Ziwa suala hili ni zito zaidi. Eneo la Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa na radi nyingi duniani. Mwenye duka Mwanza au Bukoba anayevuta kebo ya shaba juu ya uwanja, kutoka ofisini hadi ghala la pili, ameitandikia radi barabara hadi ndani ya seva yake. Kati ya jengo na jengo ipite faiba, ambayo ni kioo na haipitishi umeme. Faiba pia inamwondolea tatizo la umbali, kwani kebo ya kawaida ya mtandao ina ukomo wa mita 100 kutoka swichi hadi kompyuta, na wengi hugundua ukomo huo baada ya kuchimba mtaro.

Mambo ya sakafu na nafasi yanaweza kusemwa kwa ufupi. Raki ya kawaida hufunga vifaa vya upana wa inchi 19, na ile kubwa ya yuniti 42 hufikia urefu wa mita 2. Ikiwa bado ndani ya kreti na juu ya godoro la mbao haipiti kwenye mlango wa kawaida, na lifti nyingi za majengo ya zamani hazitaipokea. Mbele na nyuma iachwe mita moja ya kusimama fundi, kwa maana raki iliyobanwa ukutani hutengenezwa kwa kukisia. Uzito ni jambo jingine. Betri moja ya saa-ampea 100 huwa na kilo 30 hivi, na nane zikipangwa pamoja ni kilo 240 juu ya eneo dogo. Mwenye hoteli katika Mji Mkongwe wa Zanzibar au Mji wa Kale wa Mombasa, ambako sakafu za juu zimebebwa na boriti za mikoko, hana sababu ya kufanya majaribio na uzito huo katikati ya chumba. Betri zikae chini, karibu na ukuta unaobeba jengo.

Lakini chini nako kuna masharti. Anayefanya biashara karibu na bonde la Jangwani anajua maji hufika wapi mvua zikikolea. Huko raki iinuliwe, au chumba kiwe ghorofa ya kwanza, na bomba la choo cha ghorofa ya juu lisipite kwenye dari yake. Pwani pia ina chumvi ya hewani inayokula chuma na viungio vya shaba, ina vumbi, ina panya wa kutafuna kebo na mijusi wanaopenda joto la vifaa na kuunguza saketi kwa miili yao. Kila tundu la kebo lizibwe siku ileile linapotobolewa. Na kwa kuwa watu huweka majalada popote penye nafasi, chumba kisigeuzwe stoo, kwani karatasi na maboksi ndiyo kuni za moto wa kwanza.

Moto unataka neno la ziada. Tarehe 10 Machi 2021 jengo moja la kampuni ya OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa, liliteketea, na wapo wateja waliokuja kugundua kwamba nakala zao za akiba zilikuwa palepale zilipokuwa kumbukumbu zenyewe. Miezi minne baadaye, Julai 2021, Soko la Kariakoo nalo liliungua. Nakala ya vitabu vya biashara inayokaa ndani ya raki ileile inailinda kampuni dhidi ya kosa la karani peke yake. Ihamishiwe ghalani Vingunguti au kwa mtoa huduma wa nje kila usiku.

Wapangaji wana hesabu yao peke yao, na Kariakoo wengi ni wapangaji. Ethi iliyochimbiwa, kebo zilizozikwa ukutani na mlango wa chuma ni vitu ambavyo mara nyingi hubaki kuwa mali ya mwenye jengo siku mkataba unapokwisha. Mwenye mkataba wa mwaka mmoja mmoja anajenga kwa fedha yake thamani ya mtu mwingine, halafu mwakani anaongezewa kodi kwa sababu chumba kimependeza. Kabla ya fundi kushika nyundo, mkataba useme wazi ni vipi vitaondoka na mpangaji, muda usipungue miaka mitano, na ruhusa ya kuweka jenereta na mashine za nje za viyoyozi iwe kwenye maandishi. Ikishindikana, raki ndogo ya kutundikwa ukutani, yenye mlango wa kufungwa kwa ufunguo na UPS yake, ni uamuzi wa busara kuliko chumba kizuri kisicho na uhakika wa mwakani. Ufunguo wenyewe umekuwa suala la kisheria pia. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ianze kutumika Tanzania tarehe 1 Mei 2023, anayehifadhi majina na namba za wateja ana wajibu wa kuzilinda, na seva inayofikiwa na kila mpita njia ni ushahidi mbaya dhidi yake.

Wako wanaosema mjadala wote huu umepitwa na wakati, kwamba siku hizi seva hukodishwa na kumbukumbu hukaa kwenye vituo vya kitaalamu, kama kile cha taifa kilichopo Kijitonyama au vile vya makampuni binafsi Nairobi na Mombasa. Hoja hiyo ina nguvu, na kwa biashara yenye watu kumi ndiyo njia inayofaa. Hata hivyo, haiondoi chumba. Swichi, ruta, kifaa cha faiba na mashine ya kamera hubaki dukani, na bila hivyo seva iliyo Kijitonyama haisaidii kitu. Kinachopungua ni ukubwa. Wati 900 huwa wati 300, kiyoyozi cha pili huenda kisihitajike, na betri huwa chache. Ethi, mlango na nafasi ya fundi hubaki vilevile. Pia kukodi kunahamisha hatari kwenye njia ya mawasiliano. Mei 2024 kebo za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, watumiaji wa Tanzania na nchi jirani walishuhudia intaneti ikizorota kwa siku kadhaa, na mwenye mauzo yote nje ya nchi alisimama akisubiri meli ya matengenezo.

Kwa wawekezaji wadogo, chumba cha mitambo kinaonekana kuwa jambo la mafundi, na taarifa za mwaka za makampuni husaidia dhana hiyo kwa kukificha ndani ya mstari mmoja wa mali na vifaa. Anayemiliki hisa za CRDB, NMB au Vodacom Tanzania katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, au za Safaricom kule Nairobi, amenunua pia kipande cha vyumba hivyo. Mwezi Mei 2017 British Airways ilipoteza umeme kwenye kituo chake cha kompyuta karibu na Heathrow. Wakuu wake walieleza kuwa umeme ulikatwa kwa kosa la mtu, kisha ukarudishwa kwa namna iliyounguza vifaa. Abiria wapatao 75,000 walikwama na kampuni mama, IAG, ikakadiria hapo mwanzo hasara ya pauni milioni 80. Wenye hisa walilipia waya, si ndege.

Mwanahisa anayesimama kwenye mkutano mkuu na kuuliza kampuni imenunua mfumo gani mpya atapewa hotuba nzuri. Ni afadhali aulize ni lini mara ya mwisho umeme wa chumba kikuu cha mitambo ulizimwa kwa makusudi mchana wa kazi, na nini kilitokea. Mwenyekiti akigeuka kumtazama mkurugenzi, na mkurugenzi akageuka nyuma kutafuta mtu wa teknolojia, mwenye hisa amepata habari ambayo haimo kwenye kitabu cha mahesabu.

Na kwa anayesubiri mzigo wake bandarini wakati huu, bado kuna nafasi. Malipo ya mwisho kwa muuzaji yafungwe na karatasi tatu, ambazo ni kipimo cha ethi chenye saini, rekodi ya joto la chumba kwa siku saba mfululizo viyoyozi vikifanya kazi, na maandishi ya jaribio la kuzima umeme. Udhamini wa watengenezaji wengi hautambui mtambo uliounguzwa na umeme mbovu au uliotumika nje ya joto lililotajwa kwenye kitabu chake, na muuzaji atakayebishana kuhusu udhamini huo mwakani atauliza karatasi hizohizo.